Chini ya Simba Andika "Simba"

Umemaliza kuchora simba. Manyoya ya shingoni yamekaa, macho yamekodoa, na kile kivuli cha miguuni kilichokusumbua siku tatu hatimaye kimekubali kulala. Wachoraji wengi wakifika hapo huosha brashi wakaenda kunywa chai. Wewe usiende. Chovya brashi ndogo kwenye rangi nyeusi, na chini ya simba andika: SIMBA.

Utasema simba mbona anaonekana. Anaonekana kwako uliyemchora. Mtazamaji ni mtu mwingine kabisa: ametoka kazini, njaa inamuuma, na ameingia kwenye maonyesho kwa sababu nje mvua inanyesha. Ukimwacha na mnyama huyo wawili peke yao, anaweza kuwaza lolote. Atasema simba huyu mzee. Atasema ana huzuni. Atasema anafanana na mjomba wake wa Korogwe. Mtu akishamwona mjomba wake ndani ya kazi yako, kazi si yako tena. Neno SIMBA humrudisha kwenye foleni.

Ushahidi wa njia hii umejaa mitaani. Pita kwenye ukuta wa shule yoyote ya chekechea. Karibu na kwetu kuna tembo mwenye miguu mitano (sijui fundi alihesabu mkonga mara mbili au ilikuwa jioni), lakini chini yake pameandikwa TEMBO, na hakuna mtoto wala mzazi aliyewahi kulalamika. Neno limefunika mguu mzima. Sasa mlinganishe na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari. Yeye alimchora chui, akaandika jina lake mwenyewe pembeni, basi. Matokeo yake ni kwamba tangu alipofariki mwaka 1972 watu bado wanawakodolea macho chui wale, wanashangaa mbona wamenuna, mbona wana madoa kama wamevaa shuka. Angeandika CHUI, tungeshapita zamani tukaendelea na shughuli zetu. Warithi wake wa kule ufukweni wamejirekebisha: siku hizi mlima Kilimanjaro hauuziki bila JAMBO au HAKUNA MATATA kupita angani juu ya theluji kama ndege ya kunyunyizia dawa.

Hilo ndilo somo la kwanza. Ukilielewa, la pili ni jepesi: ni neno gani uandike pale ambapo hukuchora mnyama.

Tumia ngeli ya U. Ngeli hii haijawahi kumwangusha msanii. UPENDO. UMOJA. UHURU. UTU. UPWEKE. UTAMBULISHO. Ni maneno yasiyo na jasho wala anwani. Ukiyaweka juu ya mtumbwi yanafaa, ukiyaweka juu ya mwanamke aliyebeba ndoo yanafaa, ukiyaweka juu ya duara jekundu ulilolimwaga kwa bahati mbaya yanafaa kuliko kote. AMANI na HAKI zinaruhusiwa kama wageni waalikwa.

Unachopaswa kukikimbia ni kitenzi. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu lugha yetu ina hatari ambayo mchoraji anaweza kuikanyaga bila kujua. Chukua neno moja: AMENIRUDISHIA. Liandike chini ya picha ya kikombe chenye ufa. Umeona ulichofanya? Humo ndani kuna mtu aliyeazima, kuna mimi niliyeazimwa, kuna siku kikombe kilipotoka nyumbani kikiwa kizima, na kuna maneno ambayo bado hatujaambizana. Neno halikutaja ufa, na ufa haukumtaja mtu. Kila kimoja kimekalia nusu ya habari, na mtazamaji analazimika kuziunga mwenyewe akiwa amesimama. Atasimama dakika tano. Nyuma yake foleni itazidi. Atamwita mwenzake. Watabishana kama anayesema ni mke au jirani. Ungeandika UHARIBIFU, wote wangekuwa kwenye soda saa hizi.

Mimi mwenyewe nimejaribu hii njia ya ngeli ya U ikafanya kazi. Miaka kadhaa iliyopita nilipata nafasi ya kutundika picha tatu kwenye maonyesho ya pamoja, na mojawapo ilikuwa ya kiti. Kiti cha plastiki cheupe, mguu mmoja umefungwa waya, kimewekwa nje ya mlango wa bluu ulioachwa wazi kidogo. Siku ya kutundika, kijana aliyekuwa akifagia ukumbi alisimama mbele yake, ufagio mkononi. Akainamisha kichwa. Akaniuliza, "Kaka, mwenyewe ameenda wapi?" Nikiri kwamba nilibabaika, maana sikuwa najua. Kisha macho yake yakashuka hadi chini ya picha, pale nilipoandika kwa herufi kubwa za njano UPWEKE. "Aa," akasema, "kumbe." Akaendelea kufagia. Sikupata swali jingine wiki nzima, wala mnunuzi, lakini hilo la mnunuzi lina sababu zake.

Sasa tuje kwa wale ambao hutakiwi kabisa kuwaiga.

Wa kwanza ni wanawake wa pwani na kanga zao. Wao wameandika juu ya picha kwa zaidi ya miaka mia, tangu maneno yakiwa kwa herufi za Kiarabu kabla hayajahamia kwenye hizi za Kirumi, na hawajaomba ruhusa kwa msimamizi wa maonyesho hata mmoja. Kanga imegawanyika: kuna pindo linalozunguka, kuna mji katikati, na ndani ya mji, karibu na pindo la chini, kuna jina. Jina ni mstari mmoja wa herufi kubwa, na linaitwa jina hata likiwa sentensi nzima yenye kisu ndani. Mtu hasemi amenunua kanga ya maua mekundu. Anasema, "Ile inasemaje?" Kitambaa kinaulizwa kinasemaje, kana kwamba ni shahidi.

Angalia makosa yao ya kiufundi. La kwanza, jina halifafanui picha. Mji una korosho, au nanasi, au mabakabaka tu, na chini yake pana onyo kuhusu majirani. Korosho haikuhusika. Mwanafunzi wa sanaa akifanya hivyo ataambiwa kazi yake haina uwiano. La pili, jina linawekwa mahali pabaya pa kusomea: kanga ikivaliwa, maneno hukaa kiunoni au nyuma, nusu yake imemezwa na mkunjo, na nusu nyingine inatembea. Anayetaka kusoma hana budi kumwangalia mtu mahali ambapo akikutwa anaangalia atakuwa na la kujibu. Na la tatu ni kubwa zaidi: maandishi hayana anwani. Kiwanda kimechapa maelfu ya doti zenye maneno yaleyale, hayakumlenga mtu. Ni mpaka mwanamke fulani aivae siku fulani, apite mbele ya mlango fulani, ndipo yanapopata mwenyewe.

Hata alama ya muuzaji inaleta vurugu. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, limejulikana kwa kanga zenye chapa "Mali ya Abdulla". Fikiria ni akina mama wangapi wamepita barabarani wakitangaza kwamba ni mali ya Abdulla, na nyumbani mume anaitwa Juma.

Kwetu jambo hili lilifika mbali. Shangazi yangu wa Tanga aliwahi kumwazima wifi yake sufuria kubwa ya harusini. Wifi huyo, kwa bahati mbaya, ni mama yangu. Sufuria ilirudi, mfuniko haukurudi. Shangazi hakusema neno. Alizunguka maduka ya barabara nzima, nadhani kwa majuma mawili, akawa anafungua doti moja baada ya nyingine, mpaka akaipata. Siku ya Ijumaa akatuletea ndizi, amejifunga kiunoni: UKIRUDISHA SUFURIA RUDISHA NA MFUNIKO. Picha katikati ilikuwa ya tausi wawili. Mama akamkaribisha, wakala, wakacheka, wakaulizana hali za watoto. Alipokuwa anaondoka mama alimsindikiza mpaka njia panda, akitembea hatua moja nyuma, kwa adabu, akisoma.

Baba alipomuuliza dada yake maana ya ile kanga, alijibu kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Mimi nimependa tausi."

Hapo ndipo ulipo ubaya wa sanaa hii. Mwandishi hakamatiki. Aliyeandika ni kiwanda, aliyenunua kapenda rangi, aliyesoma ndiye mwenye dhambi. Mwezi uliofuata mama alimjibu kwa doti iliyosema MPISHI HODARI HALILII MFUNIKO, akaivaa yeye kipande kimoja na kipande cha pili akampa shangazi kama zawadi, na shangazi akapokea kwa mikono miwili kwa sababu doti ni doti. Hadi leo sijui ugomvi uliisha au uliishia kwenye sanduku. Msanii wa kisasa hawezi kukubali mazingira kama hayo. Kazi yako iwe na jina lako, tarehe yako, na maneno ambayo ukishayaandika huwezi kuyaruka.

Wa pili wa kumwepuka ni Chéri Samba wa Kinshasa. Amezaliwa mwaka 1956, akaingia mjini mwaka 1972 akafanya kazi kwa mafundi wa mabango na kuchora katuni, na mwaka 1975 akafungua karakana yake. Alikuwa akitundika picha nje, na aligundua jambo ambalo kila mwenye duka la barabarani analijua: watu hutupa jicho na kupita. Akaanza kuandika ndani ya picha zenyewe, kwa Kifaransa, kwa Kilingala, mistari na mistari, kwa sababu mtu anayesoma hawezi kutembea. Mpaka hapo tunakubaliana naye. Tatizo ni alichoandika. Badala ya kuandika kile kinachoonekana, anaandika kile ambacho sura za watu wake zinaficha. Mtu kwenye picha amesimama kwa heshima zake, na maandishi yako pembeni yanamsengenya. Au yeye mwenyewe Samba anajichora akiwa amevaa vizuri mno, na maneno yanauliza swali ambalo suti haina jibu lake. Katika picha yake ya mwaka 2003 ya kusifu rangi, kichwa chake kimemenywa kwa mzunguko kama ganda la chungwa, brashi imebanwa kwa meno. Ukisoma maneno unarudi kutazama kichwa, ukitazama kichwa unarudi kusoma. Mtu anaweza kukonda pale. Mwaka 1989 Paris wakamtundika katika maonyesho makubwa yaliyokusanya wasanii kutoka pembe zote za dunia, na tangu hapo amekuwa mfano mbaya kwa vijana.

Lakini wa hatari kuliko wote ni Tshibumba Kanda Matulu, na kwake nitakaa kidogo, kwa sababu huyu alituharibia hata ngeli ya U.

Tshibumba, wa mwaka 1947, alikuwa mchoraji wa mitaani Lubumbashi. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Mjini mle, miaka ya 1970, wafanyakazi wa migodi na makarani walikuwa wakinunua picha za namna hiyo na kuzitundika sebuleni, na walikuwa na neno lao kwa picha nzuri: ukumbusho. Maarufu zaidi ilikuwa ile ya Koloni la Wabelgiji. Mfungwa amelazwa chini, askari anamchapa kiboko, mzungu anaangalia, bendera ya Ubelgiji inapepea, wanawake wameleta chakula. Maneno juu ya kitambaa yalikuwa mawili tu ya Kifaransa, Colonie Belge, labda na miaka. Mchoraji aliishia hapo. Mengine yote yaliachwa kwa mwenye nyumba. Mgeni akikaa, akipewa kinywaji, macho yakipanda ukutani, mwenye nyumba ndiye anayeanza: baba yangu alifungwa kwa ajili ya kodi, hapo unapomwona yule ni kama yeye. Nyumba ya pili, picha ileile, habari nyingine. Kwa mtu anayetaka ujumbe wake ufike salama, hii ni sawa na kumpa jirani kalamu.

Kati ya mwaka 1973 na 1974 Tshibumba alimletea mtaalamu mmoja wa mambo ya jamii, Johannes Fabian, zaidi ya picha 100 za historia ya nchi yake, tangu enzi za kale mpaka Mobutu. Juu ya vitambaa aliandika kwa Kifaransa, kwa kifupi, tahajia ikienda inakotaka. Mdomoni alisimulia kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwa kirefu, na kinasa sauti kikizunguka. Huo mgawanyo peke yake ni darasa: lugha ya ofisini ikaandikwa kama bango, lugha ya nyumbani ikapewa kazi ya kusema kweli. Kitabu chenye picha hizo na masimulizi yake kilitoka mwaka 1996. Mwenyewe tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani alipo.

Katika picha ya kifo cha Lumumba na wenzake Mpolo na Okito, amewalaza watu watatu ardhini, na kwa mbali nyuma yao kuna misalaba mitatu. Ubavuni mwa Lumumba damu inatiririka. Ukiifuata inavyokwenda juu ya ardhi, unaona inaandika. Inaandika neno moja la Kifaransa, unité.

Umoja. Lilelile nililokwambia lipakwe juu ya mtumbwi. Nimelitazama neno hilo kwenye ukurasa wa kitabu mara nyingi nikitafuta kosa, na kosa nililoliona ni kwamba halikuandikwa na mchoraji. Limeandikwa na aliyelala pale. Baada ya kuona hivyo, mtu atarudije nyumbani kuchukua rangi ya njano na kuandika UMOJA juu ya njiwa? Ndiyo maana nashauri picha hiyo isionyeshwe kwa wanaoanza.

Tuendelee na mambo mepesi. Lebo.

Lebo ni ile karatasi ya ukutani inayoandikwa kabla ya picha. Wapo wanaodhani huandikwa baada. Hao ndio wanaochelewa kukabidhi kazi. Lebo ina kitenzi kimoja, nacho ni "kuhoji". Kazi yako inahoji mipaka. Inahoji kumbukumbu. Inahoji mwili. Hakuna anayejua inawahoji kwa ushahidi gani wala kama kuna wakili, lakini mpaka mwisho wa aya watuhumiwa wote watakuwa wamekiri. Ukimaliza kuhoji, "unaakisi". Kisha taja nyenzo kwa heshima: usiseme gunia, sema nyuzi asilia. Lebo ikizidi ukubwa wa picha usishtuke. Ina maana umefaulu, na mwakani unaweza kutundika lebo peke yake.

Na popote utakapoweka maandishi, yaweke mbele. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 akachukuliwa Uingereza akiwa mtoto mchanga, na ambaye mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner akiwa na miaka 63, alifanya mwaka 2004 kazi yenye watu 100 wa mbao, ukubwa wa mtu kamili, wamepakwa rangi zinazong'aa. Ni watumwa wa majumba ya kifahari ya Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, wafunza mbwa, waganga wa majani. Wamesimama ukumbini kama wanakungoja. Ukiingia unaona karamu. Maneno yako wapi? Yako mgongoni. Kila mmoja ana mistari michache kwenye karatasi ya hesabu, ile ya jumla na baki: jina alilopewa na wazazi, jina wanalomwita sasa, alilokuwa akifanya kwao, analofanya hapa, na kitu kidogo kilichombakia. Ili usome huna budi kumpita mtu, umzunguke, usimame nyuma yake kama mnunuzi. Mgeni aliyekuja kunywa juisi anafanywa nini pale? Himid amechora kanga pia, kwa hiyo tunajua tabia hiyo aliitoa wapi. Yeye na shangazi yangu wangeelewana ndani ya dakika kumi.

Kuhusu urefu wa maandishi, nilipokuwa kijana nilikaa miezi michache na fundi wa mabango karibu na stendi. Alitoza kwa herufi. Siku moja alikuja mtu mwenye duka, amebeba karatasi: DUKA LA VIFAA VYA UJENZI WA AINA ZOTE JUMLA NA REJAREJA BEI NAFUU KARIBUNI NYOTE. Fundi akahesabu kwa kidole, midomo ikitikisika, akataja bei. Yule bwana akakata KARIBUNI NYOTE. Bei ikashuka lakini haikushuka vya kutosha. Akakata aina zote, akakata jumla, rejareja ikafuata. Walikaa mpaka adhuhuri wakinunua maneno na kuyarudisha. Jioni tulimpaka bango lake juu ya mlango wa bati: MISUMARI. Nasikia alijenga nyumba mbili. Wewe, kwa bahati nzuri, juu ya turubai lako herufi ni bure, kwa hiyo hakuna sababu ya kujibana namna hiyo. Andika utangulizi. Andika shukrani. Nafasi ikikuishia upande wa kulia, punguza ukubwa wa herufi taratibu, kama wanavyofanya mafundi wote waliosahau kupima, mpaka neno la mwisho lisomwe na sisimizi.

Na kama maneno yamekukauka kabisa, muuzie mtu mwenye nayo. Mfalme Qianlong wa China, aliyeshika kiti mwaka 1735, alikuwa mpenzi mkubwa wa picha za kale, na mapenzi yake aliyaonyesha kwa kuandika mashairi na kugonga mihuri yake juu yake. Mwaka 1745 alipata mchoro mrefu wa kukunja unaoonyesha milima ya Fuchun, kazi ya Huang Gongwang wa karne ya 14. Akaupenda mno. Kila alipoufungua aliandika, angani, kando ya miti, penye nafasi yoyote, mpaka maandishi yake yakapita 50 na milima ikaanza kukosa hewa. Mwaka uliofuata akaletewa mchoro mwingine kama huo. Akatazama, akaamua kwamba huu wa pili ni wa bandia, ukawekwa pembeni. Kumbe wa pili ndio wa Huang mwenyewe, na ule uliojazwa ulikuwa nakala. Kwa hiyo milima halisi ikanusurika kwa sababu mwenye kalamu hakuiamini. Wataalamu husimulia kisa hiki wakicheka. Mimi naona mfalme alikosea jambo moja tu: alipaswa kuandika kwenye yote miwili.

Nimebakiza jambo la kile kiti changu. Maonyesho yalipokwisha bila mtu kukinunua nilikipeleka Tanga kwa shangazi, maana kwangu ukuta ulikuwa umejaa. Akakishukuru, akakitundika sebuleni siku ileile, juu ya kochi refu. Ama ni kochi ama ni yeye, sijui, lakini picha imeshuka kiasi kwamba mgongo wa kochi unafunika sehemu yote ya chini. UPWEKE haionekani. Unaona mlango wa bluu, waya kwenye mguu, basi.

Nimekaa pale mara kadhaa nikasikia kinachotokea. Mgeni anaketi, anapewa chai, macho yanapanda. "Shoga, hiki kiti cha nani?" Kwa jirani wa kushoto, shangazi alijibu ni cha marehemu mumewe, na alikuwa akikaa hapo kila alasiri akingojea gazeti. Wakanyamaza wote wawili kidogo. Kwa dada wa chama chao cha kufa na kuzikana alisema ni cha mpangaji aliyeondoka usiku na kodi ya miezi minne, akaacha hicho. Kwa mama yangu, alipokwenda mwaka jana kumjulia hali, hakujibu. Alisema tu, "Wifi, mwenye kukaa hapo anajijua," akampelekea sahani ya vitumbua. Mama aliniuliza njia nzima ya kurudi kama mimi nilipochora nilikuwa nimeambiwa kitu.

Kama mwenye kazi, nina wajibu wa kulinda ujumbe wangu. Mara mbili nimejaribu kulivuta lile kochi mbele kidogo, na mara zote mbili shangazi ametoka jikoni akaniuliza, "Baba, umekuja kunisalimia au umekuja kunihamishia vyombo?"